Kilio Kinachokuja na Kuondoka: Kisa cha Mtoto wa Miezi 7 Aliyetibiwa Kuhara Damu Huku Utumbo Wake Umejimeza

Mtoto huyu wa kiume alikuwa na umri wa miezi 7 na uzito wa kilo 7.4 alipofikishwa kwetu, katika hospitali ya wilaya, saa nne asubuhi siku ya Jumatano, akiletwa na gari la wagonjwa kutoka kituo cha afya kilicho mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa barabara ya vumbi. Barua ya rufaa ilitaja mambo matatu: kuhara damu kusikopona, malaria, na upungufu wa maji mwilini. Aliyeiandika alikuwa amefuata mwongozo alionao mezani, na kila alichokiandika alikuwa na sababu ya kukiandika. Lakini ugonjwa uliokuwa ukimmaliza mtoto haukuwamo katika barua hiyo. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mtoto na familia yake, kwa sababu dalili ambayo ingemfikisha katika chumba cha upasuaji siku mbili mapema ilikuwapo tangu usiku wa kwanza, na aliyekuwa nayo ni mama yake.

Kilio kilianza Jumapili, yapata saa nne usiku. Mtoto alikuwa na mafua wiki moja kabla, akawa amepona, na siku hiyo alinyonya vizuri na kucheza. Usiku akashtuka kutoka usingizini akilia kwa sauti ambayo mama alisema hakuwahi kuisikia, akakunja miguu hadi tumboni, uso ukapauka, kisha baada ya muda mfupi akanyamaza na kulala. Mara akaanza tena. Bibi yake, aliyekuwa nyumbani, akasema ni mchango, akamchua tumbo na kumpa maji ya dawa ya mitishamba kwa kijiko. Simlaumu bibi. Mchango ni jina ambalo watu wetu wamelipa kila msokoto wa tumbo la mtoto tangu zamani, na watoto wengi wanaolia hivyo hupona kesho yake bila dawa yoyote.

Jumatatu alipelekwa zahanati. Alikuwa ametapika maziwa mara tatu, hakuwa na homa, na choo chake cha asubuhi kilikuwa cha kawaida. Wakati tabibu anampima mtoto alikuwa ametulia, tumbo likiwa laini, na hilo likamridhisha. Wakapewa dawa ya maumivu na chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Jumanne asubuhi mama akakuta kwenye nepi ute mzito uliochanganyika na damu, kiasi cha vijiko viwili vya chai, bila mavi ndani yake. Kituo cha afya walipoona damu wakaandika kuhara damu na kuanza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha ndiyo, ingawa mtoto alikuwa amemaliza dozi ya dawa ya mseto wiki mbili tu zilizopita, wakaanza dozi nyingine. Alfajiri ya Jumatano alitapika maji ya kijani, tumbo likaanza kujaa, na akaacha kulia. Kule kuacha kulia kuliwafariji ndugu kwa saa kadhaa.

Alipofika kwetu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, macho nusu wazi, haitiki hata akiguswa usoni. Mapigo ya moyo yalikuwa 172 kwa dakika, anapumua mara 48, joto lilikuwa nyuzi 38.2, utosi umebonyea, na damu ilichukua sekunde 4 kurudi kwenye ngozi ya kifua baada ya kuibonyeza. Sukari ya damu ilikuwa chini, 2.8. Muuguzi wa zamu, mwenye uzoefu mrefu kuliko wangu, ndiye aliyeketi na mama wakati mimi natafuta mshipa, na mazungumzo yao mafupi yalibadilisha mwelekeo wa kazi nzima.

"Mama, pole sana. Huyu baba, akiwa analia, analia mfululizo au ananyamaza?"

"Ananyamaza, dada. Analegea kabisa, unadhani amepona. Halafu anaanza tena."

"Anakaa muda gani kabla ya kuanza tena?"

"Saa sikuangalia. Ila nikiinjika uji, haujachemka anakuwa ameshaanza."

"Na choo, tangu jana amepata mara ngapi?"

"Mara mbili tu. Ile ya jana, na leo kidogo. Nimeiweka."

Akatoa kwenye kikapu nepi ya kitambaa aliyoikunja ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Ute ulikuwa mzito, mwekundu wa kuiva, unang'aa, ukitetemeka kopo lilipotikiswa. Vitabu tulivyosomea huufananisha na jeli ya tunda ambalo wengi wetu hatujawahi kulitia machoni, na nimeona wanafunzi wakikariri mfano huo bila kujua wanatafuta nini. Kwa mtu wa huku mfano ulio karibu ni rozela iliyochemshwa ikakolea mpaka ikaanza kuganda. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Hapo ndipo swali la kuhara lilipaswa kuulizwa upya. Mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa unaotumika katika ngazi ya zahanati na kituo cha afya humtaka mhudumu aulize kwanza kama mtoto anaharisha, na akishajibiwa ndiyo, ndipo aulize kama kuna damu. Mpangilio huo ni sahihi. Tatizo ni kwamba damu kwenye nepi ni jambo la kutisha, na mhudumu akiiona huruka swali la kwanza: anaandika kuhara damu bila kuhesabu choo. Mtoto mwenye kuhara damu kwa kawaida huenda choo mara nyingi, kinyesi chepesi, chenye harufu, na homa mara nyingi huja mapema. Huyu alipata choo mara mbili kwa siku mbili, na kilichotoka hakikuwa kinyesi. Kwa usahihi wa maneno, hakuwa ameharisha hata mara moja. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani kwa hospitali yanataja wazi kuwa mtoto mchanga mwenye damu na ute, vipindi vya kulia na kupauka, na uvimbe tumboni anaweza kuwa na intasasepsheni. Lakini onyo hilo liko katika ngazi ya hospitali, wakati mtoto huanzia zahanati.

Intasasepsheni, au utumbo kujimeza kama ninavyopenda kuuita ninapozungumza na wazazi, ni pale sehemu ya utumbo inapoingia ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa kanzu unaojikunja ndani wakati wa kuvuliwa. Kwa watoto wadogo, aghalabu mwisho wa utumbo mwembamba ndio huingia katika utumbo mpana. Kila wimbi la msukumo wa utumbo huisukuma sehemu hiyo mbele zaidi, na hapo ndipo maumivu hutokea. Wimbi likipita, maumivu hupoa. Ndiyo sababu kilio huja na kuondoka. Mishipa ya damu inayobebwa pamoja na utumbo huo hubanwa, kwanza ile inayorudisha damu, kwa hiyo utumbo huvimba na kuvuja ute na damu. Baadaye damu inayoingia nayo huzuiwa, na utumbo huanza kufa. Kufuatana huko kunaeleza kwa nini damu ni dalili ya kuchelewa. Anayesubiri aione ndipo ashuku ugonjwa huu amekwisha kupoteza saa zenye thamani.

Umri nao ulizungumza. Wengi wa wagonjwa hawa wana umri kati ya miezi 3 na miaka 3, na kilele ni takriban kati ya mwezi wa 5 na wa 9, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Katika umri huo mara nyingi hakuna kasoro yoyote inayopatikana kwenye utumbo. Inaaminika kuwa tezi ndogo zilizo katika ukuta wake huvimba baada ya maambukizi ya virusi, kama yale mafua ya wiki iliyotangulia, kisha zikasukumwa mbele. Dalili tatu zinazofundishwa pamoja, yaani maumivu ya vipindi, kutapika, na choo cha damu na ute, hukutana zote kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa. Wako wanaokuja wamelegea tu, kama mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na tumbo lao haliguswi na mtu kwa kuwa hakuna aliyelifikiria.

Nililipima tumbo la mtoto huyu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akiguna, misuli imekaza, sikuambulia kitu. Baada ya sukari na maji kuingia alilala kwa dakika chache, na katika ukimya huo, kwa mkono uliopashwa moto, nikauona uvimbe laini wa mviringo mrefu ukianzia chini ya mbavu za kulia na kukatiza juu ya kitovu. Chini kulia, mahali ambapo mwanzo wa utumbo mpana hukaa, palikuwa patupu. Daktari Mfaransa Jean-Baptiste Dance aliueleza utupu huo katika karne ya 19, na bado haujahitaji mashine yoyote. Nilipofungua nepi nikakagua kinena pande zote mbili na korodani, maana henia iliyobanwa hufichwa na nguo na hupatikana kwa macho tu. Kidole kidogo chenye mafuta kilipoingia njia ya haja kilitoka na ute ule ule.

Ultrasaundi ya tumbo ilifanyika kitandani. Kwa kukatiza, uvimbe ulionekana kama kitunguu kilichokatwa katikati, duara ndani ya duara, na kulikuwa na maji kiasi nje ya utumbo. Mpimaji aliyezoea hukosa ugonjwa huu kwa nadra sana. Eksirei ilionyesha utumbo uliojaa hewa na matabaka ya maji, bila hewa huru chini ya kiwambo cha kifua, ambayo ingekuwa ishara ya utumbo kutoboka. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 9.1.

Kipimo cha malaria nacho kinastahili neno. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa mtoto aliyemaliza dawa siku 14 zilizopita, jibu la ndiyo halikuwa na uzito wa kueleza kutapika nyongo. Darubini kwetu haikuona kimelea. Hata ingemwona, katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kubeba vimelea na papo hapo utumbo wake ukawa umejimeza. Malaria ikipatikana haifuti ugonjwa wa upasuaji, na hili nalisema kwa msisitizo kwa kuwa ndilo kosa ninalolikuta mara kwa mara, hata katika mafaili yangu mwenyewe ya zamani.

Tulilazimika pia kujiuliza kama ni utumbo uliojisokota. Kutapika kijani kwa mtoto mchanga, hasa wa wiki za kwanza, kuchukuliwe kuwa ni utumbo uliojisokota mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu hapo utumbo mwembamba karibu wote unaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa mtoto wetu kijani kilikuja siku ya tatu, baada ya historia ndefu ya maumivu ya vipindi, na uvimbe ulishikika. Jibu likawa limeegemea upande mmoja. Angekuwa na miaka 6 au 8 ningefikiria kidole tumbo, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, donge la minyoo, nimonia ya sehemu ya chini ya pafu inayojidai kuwa tumbo, na maumivu ya selimundu; na kama katika umri huo utumbo ungekuwa umejimeza, ningetafuta kitu kilichouvuta, kikiwemo kivimbe cha limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi ambayo daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958.

Maji yalikuwa ndiyo dawa ya kwanza, kabla ya kisu. Alipewa sukari ya asilimia 10, mililita 37, kisha maji ya dripu ya Ringa mililita 150, yaani mililita 20 kwa kila kilo, akapimwa upya, akaongezwa nusu ya kiasi hicho. Najua wako watakaoshtuka. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kumwaga maji kwa kasi kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo, na tangu hapo tumekuwa waangalifu, kwa haki kabisa. Ila utafiti huo haukuwahusisha watoto wenye ugonjwa wa kuharisha wala wenye matatizo ya upasuaji. Mtoto ambaye maji yake yamemwagika ndani ya utumbo ulioziba na kwa matapishi anahitaji kurudishiwa, kwa vipimo, na mtu akiwa amesimama kando ya kitanda. Mpira wa puani ulitoa nyongo mililita 90. Dawa za kuua bakteria, seftriaksoni na metronidazoli, zikaanza, damu ya kikundi chake ikatengwa, na mkojo wa kwanza ukaonekana baada ya saa moja na nusu.

Baba alipofika kutoka kazini aliuliza jambo moja tu: je, ni ile chanjo? Mtoto alikuwa amepata matone ya rota, chanjo ya kukinga virusi vya kuharisha, katika wiki ya 6 na ya 10. Swali hilo halikutoka hewani. Mwaka 1999 chanjo ya kwanza ya rota iliondolewa sokoni nchini Marekani baada ya kuonekana kuwa inaongeza utumbo kujimeza. Chanjo tuliyoanza kuitumia Tanzania mwaka 2013 si ile. Na uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, haukuona ongezeko la ugonjwa huu baada ya watoto kupewa chanjo hiyo. Mahali pengine hatari ndogo imeonekana, nayo hukaa zaidi katika siku za kwanza baada ya dozi, si miezi minne na zaidi baadaye. Nilimweleza hivyo, polepole, kwa kuwa alikuwa na mtoto mwingine wa kupeleka kliniki siku za mbele. Alisikiliza, kisha akatia sahihi ya kukubali upasuaji.

Kwa nini hatukujaribu kuurudisha utumbo kwa hewa au maji ya chumvi kupitia njia ya haja? Swali ni la haki, kwa sababu njia hiyo ikitumika mapema huwaponya watoto wengi bila kisu, na ya maji ya chumvi huweza kufuatwa kwa ultrasaundi mahali pasipo na mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Muda mrefu peke yake haukatazi. Kinachokataza ni dalili kwamba utumbo umetoboka au utando wa tumbo umeathirika, au mtoto ambaye mzunguko wa damu haujatengemaa. Huyu alikuwa na homa, tumbo ambalo upande wa kulia lilibaki limekaza kiasi hata alipolala, na maji nje ya utumbo, saa 60 tangu kilio cha kwanza. Kumsukumia hewa kungekuwa kubahatisha na ukuta ambao tulikuwa na kila sababu ya kuamini umeoza.

Upasuaji ulianza baada ya kupita muda wa saa nne tangu afike, mtaalamu wa usingizi akiwa amemwekea mpira wa kupumulia. Kwa mkato wa kukatiza upande wa kulia juu ya kitovu, yalitoka maji ya rangi ya damu iliyofifia. Utumbo mwembamba ulikuwa umeingia hadi katikati ya utumbo mpana uliokatiza. Haukuvutwa, kwa maana ukivuta unachana. Ulisukumwa kutoka mbele kwa kubinywa taratibu kama mtu anayekamua dawa ya meno. Sehemu kubwa ilirudi. Sentimita 10 hivi za mwisho zilikataa, na zilipoachia zilikuwa nyeusi, hazirudishi rangi hata baada ya kufunikwa kwa vitambaa vyenye maji moto ya chumvi kwa dakika 10. Zikakatwa pamoja na mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo, jumla sentimita 18, na ncha mbili zikaunganishwa papo hapo. Hakukuwa na kivimbe. Tezi za pembeni tu ndizo zilizokuwa zimevimba.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, mapigo yakibaki juu ya 160 hadi alfajiri. Siku ya 4 akapata choo, siku ya 5 akarudishwa kwenye titi, siku ya 6 kidonda kikatoa usaha kidogo kikafunguliwa sehemu moja na kusafishwa, na siku ya 11 akaruhusiwa. Siku hiyo ya 5 mama alimshika titini kwa dakika nyingi baada ya mtoto kushiba, na hakuna aliyemharakisha.

Nilipiga simu kituo cha afya. Tabibu niliyezungumza naye hakujitetea. Aliuliza angewezaje kujua bila ultrasaundi. Nilimjibu kwa ukweli ninaouamini: kwamba hakutakiwa kujua, alitakiwa kushuku tu, na kwa kushuku zilitosha habari tatu ambazo zilikuwa mbele yake, yaani umri wa mtoto, kilio chenye vipindi vya kulegea, na damu bila kuharisha. Mtoto wa namna hiyo haanzishiwi dawa ya kuhara akarudishwa nyumbani. Anawekewa dripu na kupandishwa gari. Tulikubaliana pia kwamba mtoto akiwa ametulia wakati wa kupimwa, hilo lisihesabiwe kuwa ni nafuu mpaka ameangaliwa kwa nusu saa akiwa na mama yake kwenye benchi, kwa sababu nusu saa hutosha kilio kurudi. Jumatatu, pale zahanati, benchi hilo lingeweza kuuokoa utumbo wote.

Alirudi kliniki baada ya wiki 6 akiwa na kilo 8.1. Choo chake kilikuwa chepesi kidogo, kama inavyotarajiwa anayepoteza mwisho wa utumbo mwembamba, na anaendelea kunyonya pamoja na uji. Ugonjwa huu unaweza kurudi, ingawa baada ya kukatwa sehemu iliyoathirika uwezekano ni mdogo, na mkato wenyewe unaweza kuacha mikunjo itakayoziba utumbo miaka ijayo. Kwa hiyo kwenye kadi yake, chini ya uzito, yameandikwa kwa herufi kubwa maneno ambayo mama aliyasoma kwa sauti kabla ya kuondoka: akilia kwa vipindi na kukunja miguu, au akitapika kijani, aletwe hospitali siku hiyo hiyo, na kadi hii ionyeshwe kwanza.